Moyo wa Nakala 118

1

Jumanne ile matokeo yalipobandikwa ukutani niliyasoma mara tatu. *Mkunga wa Kilele*, katuni ya mkunga wa kituo cha angani niliyoilea tangu ikiwa wazo tu, ilikuwa imeshika mkia wiki saba mfululizo. Wiki ya nane ilisimama nafasi ya kumi na tatu kati ya ishirini.

Wenzangu wakanipigia makofi. Mmoja akauliza mganga wangu anapatikana kijiji gani. Nikacheka nao huku nimeshainuka kitini. Ndivyo nilivyoumbwa mimi, Terevael Mungure: habari mbaya naweza kuzipokea nimekaa, ila nzuri huniinua kitini na kunizungusha ofisi nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Katuni haipandi ngazi saba kwa wiki moja hivihivi. Lazima kuna ukurasa uliowashika watu, na kazi yangu ilikuwa kuujua ukurasa huo, nimwambie mchoraji: hapa, Mwalimu, hapa rudia.

Kumwita mchoraji Mwalimu, hata kama aliishia darasa la saba, ni desturi ya Kuromatsu. Nyumba hiyo ya uchapishaji ilizaliwa Tokyo zaidi ya karne moja kabla yangu, na ilipofungua tawi hapa Arusha ilikuja na desturi zake zote, kama bibi harusi anavyokuja na vyombo vyake. Jarida letu la *Radi* linatoka kila Jumatatu, nene kama tofali, kwenye karatasi hafifu za waridi na kijani. Katuni zinazopendwa hukaa mbele, zisizopendwa nyuma karibu na matangazo. Mhariri humlea mchoraji wake mmoja mmoja, akakaa hata sebuleni kwake kusubiri wino ukauke. Na katuni mpya hupewa wiki kumi. Wiki ya kumi ikikukuta mkiani, unaaga.

Zamani wasomaji walikuwa wakipiga kura kwa kadi ya posta. Siku hizi hawapigi kura. Wanasoma tu, na karatasi inawasikia.

Nilishuka ngazi mbilimbili hadi Chumba cha Mapigo, kwa Koku Rukonge, ambaye ndiye mwenye mitambo.

"Kaka Tere, toka," alisema kabla sijafungua kinywa. "Najua unachotaka."

"Ukurasa mmoja tu. Niambie ni upi uliowapandisha."

"Kurasa sina neno. Nakala moja moja ndiyo siwezi."

Koku alikuwa na haki ya kunikumbusha. Kila wiki nakala mia tatu za *Radi* huchapwa kwa karatasi hai, na huenda kwa wasomaji walewale waliokubali. Ndani ya rojo la karatasi hiyo kuna nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ukibana ukurasa kwa kidole gumba, nyuzi husikia damu inavyopita kidoleni. Ukiufunua, kule kukunjika kwake ndiko kunakozalisha umeme wa kupeleka habari. Moyo ukienda mbio, katuni inapata alama. Majina ya wasomaji yamefungiwa kwa mwanasheria, na nyuma ya kila nakala tumechapa kiapo chetu kwa herufi kubwa: TUNAHESABU MAPIGO, HATUHESABU WATU.

Koku aliniwekea kurasa za *Mkunga* kwenye kioo, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa juu. Ukurasa wa mkunga kumzalisha mama kituo kikiwa gizani, juu. Ukurasa wa watu wawili wakisubiri mlangoni bila kusema neno, juu vilevile. Kisha akafika kwenye tangazo la sabuni ya kufulia lililo mkabala na ukurasa wa mwisho, na tangazo lile lilikuwa juu kuliko yote.

"Ukistaajabu ya Musa," alisema Koku. "Nani anatetemekea sabuni?"

"Karatasi imeharibika."

"Lazima."

Na karatasi ikiharibika, kanuni inamruhusu kufungua nakala moja akaikague. Akaitafuta, akaipata: nakala namba 118. Akazipima nyuzi zake kwa kupeleka umeme na kuurudisha. Karatasi ilikuwa nzima kabisa. Hapo ndipo tulipotakiwa kuifunga. Hatukuifunga.

Msomaji wa 118 alikuwa mtu wa ajabu. Kila Jumatatu alifungua ukurasa wa yaliyomo, akatafuta *Mkunga* iko wapi wiki hiyo, akaenda moja kwa moja, akaisoma, akafunga jarida. Hakuwahi kugusa katuni nyingine, wiki zote nane. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, lakini Koku alikuwa ameinamia kioo na hakuwa anacheka. Mstari wa mapigo ulienda mawili, ukanyamaza, ukaenda matatu ya harakaharaka, ukanyamaza tena, na kile kimya cha pili kilikuwa kirefu mno.

"Huu si msisimko," alisema. "Mama yangu alikuwa na moyo wa namna hii. Tulikuja kujua akiwa ameshaanguka jikoni."

Alirudisha wiki za nyuma. Wiki ya kwanza kimya kilikuwa kifupi, ungeweza kudhani mtu amepiga chafya. Kila wiki kiliongezeka. Wiki ya nane kilikaribia sekunde tatu, na mtambo, ambao unajua kuhesabu na haujui kingine, ulipoona moyo unarukaruka hivyo uliandika kwamba msomaji amefurahi kupita kiasi. Alama zake peke yake ndizo zilizotupandisha ngazi saba.

"Atakufa?" niliuliza.

"Mimi si daktari, kaka. Ila ningekuwa ndugu yake, ningekuwa nimeshatoka hapa mbio."

2

Mhariri mkuu wetu, Mzee Onodera, ameishi Arusha miaka ishirini na moja na Kiswahili chake ni cha redio, hakina kosa hata moja. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilikuwa nikizunguka meza yake huku nasema, naye alikuwa akizungusha kichwa kunifuata.

"Bwana Mungure, mmefungua nakala moja."

"Tulidhani karatasi imeharibika, Mzee."

"Na mlipoona haijaharibika?"

Nikaliruka swali.

"Tuna anwani zao kwa mwanasheria," nilisema. "Simu moja tu. Tumtafute, tumwambie aende hospitali, tumemaliza."

"Hatujamaliza. Tutakuwa tumeanza." Alivua miwani yake akaiweka juu ya jarida. "Leo tunamtafuta mtu kwa sababu anaumwa, na ni jambo jema. Kesho atakuja mwajiri atakaye kujua nani kati ya watu wake ana moyo dhaifu. Keshokutwa atakuja mkubwa fulani, atataka kujua moyo wa nani ulienda mbio alipoona picha yake imechorwa na pembe kichwani. Nitawaambia nini? Kwamba mlango tuliufungua siku moja tu, kwa huruma?"

"Na akifa?"

"Basi atakufa mtu ambaye hatukupaswa kujua kama yupo." Aliona uso wangu. "Usidhani nimelisema hilo kwa raha. Nitaandika Tokyo. Jibu litachukua wiki tatu."

"Hana wiki tatu!"

"Labda hana."

Nikamwambia basi tuweke tangazo, wasomaji wote wakapime moyo. Akaniuliza mara ya mwisho mimi mwenyewe kusoma tangazo la afya ilikuwa lini. Sikukumbuka.

"Na alama za 118?" niliuliza nikiwa mlangoni.

"Kanuni inasema nakala yenye kasoro ndiyo inayofutwa. Karatasi haina kasoro. Nikizifuta nitalazimika kueleza kwa nini, na nikieleza nitakuwa nimemhesabu mtu. Kwa hiyo *Mkunga* inabaki ya kumi na tatu. Kampe Mwalimu Nakijwa hongera zangu."

Nitasema ukweli, kwa kuwa hadithi hii haina maana nikiuficha. Pale koridoni, kwa hatua kama kumi hivi, nilifurahi. Mkubwa ameamua, dhamana si yangu, katuni yangu inaishi. Hatua ya kumi na moja nikakumbuka kile kimya cha sekunde tatu, nikaona aibu hata ya kuitikia salamu ya mlinzi.

3

Nakijwa Mshana alikuwa na miaka hamsini na miwili alipochora ukurasa wake wa kwanza wa katuni. Kabla ya hapo alikuwa akichora mabango ya saluni, kutoka Same hadi Ngaramtoni: vichwa vya wanawake vimepangwa safu, kila kimoja na msuko wake. Nilimpata kwa sababu ya bango moja. Kichwa cha nne kutoka kushoto kilikuwa kinamtazama cha tano kwa wivu, na sijawahi kuona wivu umechorwa vizuri namna ile.

Mchana huo nilimkuta na sufuria ya makande jikoni na rasimu ya sura ya kumi mezani. Karatasi ya matokeo alishaipata. Ilikuwa ukutani, pembeni ya picha ya marehemu mumewe.

"Karibu, baba! Kumi na tatu!" Alinishika mikono yote miwili. "Asubuhi hii tu nimemkatalia mtu bango. Nimemwambia mimi sasa ni mtu wa magazeti."

"Mwalimu..."

"Kula kwanza. Halafu kaa chini, unanichosha macho."

Sikuweza kula na sikuweza kukaa. Nilimwambia nikiwa wima, nikitembea kati ya kabati na dirisha, yote: nakala 118, kimya kinachorefuka, mtambo kudhani ugonjwa ni furaha, Mzee Onodera na kiapo. Nilipofika kwenye sabuni alicheka, kicheko kifupi kikakatika chenyewe.

"Kwa hiyo hawakuipenda," alisema.

"Yeye anaipenda. Hasomi katuni nyingine kabisa."

"Tere, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wengine mia mbili na tisini na tisa?"

"Wako palepale walipokuwa."

Aliinuka akaenda kukoroga makande ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Nilimwona mgongo tu. Nilimwonea huruma, na nilijichukia kwa kuwa nilikuwa bado sijafika kwenye jambo lililonileta.

Ndani ya kila *Radi*, kwenye ukurasa wa yaliyomo, chini ya jina la katuni kuna mstari mmoja wa mchoraji. Sentensi moja kila wiki, aseme atakalo. Wengine huandika mvua imenyesha, wengine huandika paka amemwaga wino. Ni mahali pekee katika jarida zima ambapo mhariri haruhusiwi kugusa, si koma, si nukta. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko jengo la Tokyo lenyewe. Sura ya tisa ilikuwa imeshachapwa na haikuweza kubadilishwa, lakini ukurasa wa yaliyomo hupangwa mwisho kabisa, Alhamisi. Na msomaji wa 118 alikuwa akifungua mahali pawili tu: *Mkunga*, na ukurasa wa yaliyomo.

Nilikuwa nimeandaa sentensi. Nikamwekea mezani. Aliisoma kwa sauti: "*Wasomaji wapendwa, tusisahau kupima afya ya mioyo yetu.*"

"Hii haivunji kiapo," nilisema. "Haimtaji mtu."

"Na haimfikii mtu. Ukisema wasomaji wapendwa, kila mmoja anamtazama jirani yake." Aliisukuma kando. "Nikiandika ya kumfikia, nini kinatokea?"

"Kila mtu atajua tumechungulia. Alama zake zitafutwa. Wiki ya tisa tutarudi mkiani, na inayofuata ndiyo ya kumi."

"Na nisipoandika?"

"Utaendelea kuchora."

"Mpaka lini?"

"Mpaka..."

"Mpaka moyo wake usimame," alimalizia yeye. "Ndipo nishuke na mimi." Alinigeukia, na sasa alikuwa na hasira, hasira kweli kweli. "Kwa nini umeniletea? Mimi nilikuwa na furaha yangu hapa na makande yangu. Mzigo huu ungeubeba mwenyewe!"

"Siruhusiwi kugusa mstari wako."

"Hiyo ndiyo sababu, au umeogopa?"

"Vyote viwili, Mwalimu."

Nadhani lile jibu ndilo lililonisaidia, maana angenipata naongopa angenifukuza na sufuria juu. Alivuta kiti, akachovya kalamu.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Miezi miwili namchora mwanamke anayewaambia wenzake maneno hayo kule juu angani. Ningejionaje?"

Akaandika bila kufuta hata neno: *Wewe unayesoma Mkunga peke yake, moyo wako unaruka mapigo hata mbele ya tangazo la sabuni, si hadithi yangu, ni ugonjwa, nenda hospitali leo.*

Kisha akatoa karatasi ya matokeo ukutani, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka kwenye droo. Ndipo akapakua makande, tukala.

4

Alhamisi ni siku ambayo Mzee Onodera husimama mbele ya wahariri wote na kusoma ukurasa wa yaliyomo kwa sauti, kabla haujaenda mtamboni. Alisoma mistari kumi na miwili kwa sauti ileile. Alipofika wa kumi na tatu akasoma neno "Wewe", akamalizia kimoyomoyo. Akawaomba wengine watoke.

"Umemwandikia wewe?"

"Hapana, Mzee. Mimi niliandika mwingine. Ulikuwa mbaya."

"Naamini." Alikaa. Mimi nilikuwa nimeshaanza safari zangu za dirishani. "Mlijua sitaufuta."

"Tulitumaini."

"Mchoraji mmoja aliwahi kuandika kwenye mstari wake kwamba nina roho ya mamba. Wasomaji laki nne waliusoma. Sikuufuta." Aligonga meza kwa kidole, polepole, kama mtu anayehesabu. "Nikiufuta huu, nimevunja desturi ili kulinda kiapo. Nikiuacha, nimevunja kiapo ili kulinda desturi. Nilidhani nitastaafu kabla siku hii haijafika."

"Mzee, kuna mtu anakufa."

"Nimesikia. Nisingekuwa nimesikia, ingekuwa rahisi." Aliinua macho. "Niliyokuambia juu ya mlango, bado nayaamini. Wewe je, unayaamini?"

Nilifikiri niseme hapana. "Nayaamini," nilisema. "Ndiyo maana silali."

Hapo alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliagiza jalada la nyuma lirudishwe kutoka mtamboni. Chini ya kiapo chetu, chini ya zile herufi kubwa, akaandika kwa mkono wake: *Wiki hii tumemhesabu mtu mmoja. Hatutasema kwamba hatukumhesabu. Onodera, Mhariri Mkuu.*

"Mlango ukishafunguliwa," alisema akinikabidhi karatasi, "angalau watu wajue uko wapi."

5

Jumatatu ya wiki ya tisa, saa moja na robo asubuhi, nakala 118 ilifunguliwa kwenye ukurasa wa yaliyomo. Koku na mimi tulikuwa tumeinamia kioo. Kidole kilikaa pale dakika nne. Mapigo yaliruka, yakatulia, yakaruka, kisha kikaja kimya kilichonifanya nishike kona ya meza. Yakarudi. Jarida likafungwa. *Mkunga* haikusomwa.

Baada ya hapo, kelele. Kufikia Jumatano nakala hai tisini na sita zilikuwa zimerudishwa, nyingine zimechanwa, na moja imeandikwa kwa kalamu nyekundu: UNANICHUNGULIA KIFUANI, NA UCHUMBA WANGU UTAUJUA? Watu arobaini na mmoja walituandikia kwamba ndio wao. Zahanati za mjini zilipokea watu waliokuja na jarida kwapani wakisema moyo unawarukia, kwa vile ukishaambiwa moyo unaruka, hakuna moyo usioruka. Mwanamke mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza kama nina haya. Nikamwambia ninayo. Alama za 118 zilifutwa, tukarudi nafasi ya ishirini, na Tokyo wakajibu kwa siku mbili badala ya wiki tatu: karatasi hai ikomeshwe Arusha baada ya toleo la wiki iliyofuata.

Nakala 118 haikuguswa tena wiki nzima. Kila asubuhi nilishuka kwa Koku nikauliza, na kila asubuhi alitikisa kichwa. Nilijiambia yuko hospitali. Nilijiambia pia lile lingine, hasa nikiwa naoga, na maji hayakusaidia. Nilikuwa namjua mtu huyu kwa kidole gumba tu na nilikuwa namwogopea kama ndugu.

Nakijwa alichora sura ya mwisho kwa siku tano. Nilikaa sebuleni kwake kama desturi inavyotaka, ingawa neno kukaa si sahihi. Mkunga wa Kilele anazalisha mtoto wa mwisho, kituo kinafungwa, watu wanashuka duniani, naye anabaki nyuma kuzima taa chumba kwa chumba. Katika ukurasa wa mwisho hakuna maneno hata moja. Ni mwanamke na swichi.

"Ungeweka neno moja," nilimwambia.

"Mhariri, soma picha."

Jumatatu ya wiki ya kumi alikuja ofisini mwenyewe, amevaa kitenge cha kanisani. Koku akampa kiti mbele ya kioo. Hesabu hufungwa saa sita mchana, na safari hii ingefungwa moja kwa moja, mitambo izimwe. Saa mbili, hakuna. Saa tatu, hakuna. Mzee Onodera alishuka, akatusalimu, akasimama mlangoni mikono nyuma. Saa nne na nusu nilikuwa nimekwenda na kurudi ukutani mara nyingi hivi kwamba Koku alitishia kunifunga kamba.

Saa tano na nusu, nakala 118 ilifunguliwa. Ukurasa wa yaliyomo. Kisha moja kwa moja nyuma kabisa, kwa *Mkunga*.

"Ni yeye," nilisema. "Hakuna mwingine anayesoma hivyo. Ni yeye, jamani!" Nakijwa alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge.

Koku alikuwa akitazama mstari. Pigo, pigo, pigo, kila moja umbali uleule na mwenzake, bila kuruka, bila kimya. Akahesabu kwa dakika nzima. Sitini. Dakika iliyofuata, sitini.

"Wamemwekea betri ya moyo," alisema. "Mtambo mdogo kifuani, ndio unaompigia mwendo." Alinigeukia. "Amefika kwa daktari. Amefika."

Nililia. Sina sababu ya kusema vingine. Mzee Onodera alitoa leso yake mfukoni akanipa, kisha akaonekana kujuta kwa kuwa naye aliihitaji.

Ukurasa baada ya ukurasa, msomaji wa 118 alisoma kuzaliwa kwa mtoto wa mwisho. Sitini. Watu wakishuka. Sitini. Mtambo uliandika alama zake pembeni ya kila ukurasa: sifuri, sifuri, sifuri. Nakijwa alizitazama zile sifuri zikipangana.

"Kwa hiyo ndiyo haijamgusa?"

"Hatuwezi kujua, Mwalimu," Koku alisema taratibu. "Kuanzia sasa moyo wake hauwezi kutuambia. Utapiga sitini akifurahi, utapiga sitini akilia."

"Hata wewe hutajua?"

"Hakuna atakayejua. Isipokuwa yeye."

Nakijwa akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona ni ya haki.

Kidole kilifika ukurasa wa mwisho, ule usio na maneno. Kikakaa. Dakika moja, mbili. Dakika ya saba nilitambua kwamba nimesahau kutembea. Dakika ya kumi na moja ukurasa ulifunguka, nami nikangoja jarida lifungwe, kwa maana huyu hakuwahi kusoma kingine baada ya *Mkunga*.

Halikufungwa. Kurasa zilirudi nyuma, moja, moja, moja, hadi kwenye picha ya kwanza ya sura. Akaanza upya.

Sitini, liliandika pigo. Sifuri, uliandika mtambo. Saa ya ukutani ilifika sita kamili, Koku akaweka mkono juu ya swichi ya kufungia hesabu, akamtazama Mzee Onodera.

"Subiri kwanza," alisema Mzee Onodera. "Bado anasoma."